Jicho la Upepo

Baba yangu alikuwa akisema kwamba neno window lilianza kama jicho la upepo, kwa sababu nyumba za zamani za Wazungu zilikuwa na tundu tu ukutani, na upepo ndio uliokuwa ukichungulia humo. Alilisema mbele ya walimu wenzangu wawili niliowaleta nyumbani Kuresoi, katika muhula wangu wa kwanza wa kufundisha Kiingereza huko Nakuru. Nilicheka. Nikamwambia, "Baba, hiyo si kweli. Usiwe unaambia watu hivyo."

Aliweka chini kikombe chake cha chai. "Sawa, mwalimu," akasema. Tangu siku hiyo hakuniita kwa jina langu tena, wala hakunieleza tena neno lolote lilikotoka.

Maneno hayo aliyapata ujanani, alipokuwa mpishi wa mama mmoja wa Kizungu aliyekuwa na shamba upande wa Molo. Macho ya yule mama yalikuwa yakififia, kwa hiyo alimwita Baba amshikie kamusi kubwa karibu na dirisha, naye akishapata neno humweleza lilikotoka. Breakfast ni kuvunja mfungo. Goodbye ni Mungu awe nawe, ila limekatwakatwa na watu wenye haraka. Mengine Baba aliyatunga mwenyewe. Alishikilia kwamba kitchen limetoka kwa chicken, maana kuku ndio aliokuwa akiwafukuza humo kutwa nzima. Mwingine angecheka. Mimi ni mtu wa kalamu nyekundu, kosa huniwasha mwilini.

Aliyebaki akipewa maneno ni mdogo wangu, kitinda mimba wetu, aliyeishia darasa la nane akabaki nyumbani kulima viazi. Nilimwonea wivu, na sioni haja ya kulipamba jambo hilo. Mimi ndiye niliyesomea lugha yenyewe. Yeye ni mtu anayesema "I'm coming" huku anaondoka, na ng'ombe akijikwaa humwambia "sorry". Hata hivyo, kila Jumamosi nilipofika niliwakuta kwenye benchi nje ya jikoni, daftari katikati yao, wanacheka mpaka Baba anakohoa. Nikifungua lango, daftari linafungwa, na mdogo wangu analikalia.

Nilileta ndizi, magazeti, sweta. Baba alinishukuru kwa adabu nyingi, jinsi unavyomshukuru mgeni wa kanisa. Jioni nikirudi kwangu karibu na Milimani, mtaa wa wenye nacho (nasema karibu, si Milimani yenyewe), njia nzima nilikuwa nikiyakumbuka makosa ya mdogo wangu moja baada ya jingine. Yalinipa nafuu kidogo.

Kuna jambo ambalo sikumwambia mtu. Miaka michache baada ya kumcheka Baba, nilikuwa nikitafuta kitu kingine katika kamusi kubwa ya maktaba ya shule nikalikuta neno lake. Window, kutoka lugha ya kale ya watu wa kaskazini: jicho la upepo. Niliifunga kamusi haraka kama mtu aliyechungulia barua isiyo yake. Nikaazimia kumwambia Jumamosi. Jumamosi ikafika, nikawakuta kwenye benchi lao, daftari likafungwa, nami nikasema moyoni, basi huyo mwenzake ndiye amwambie. Jumamosi zikapita hivyo miaka na miaka, na mwaka huu Baba akafariki.

Kwetu wasifu wa marehemu husomwa kwa Kiingereza hata kama nusu ya waombolezaji hawakielewi. Ndiyo heshima. Mimi nilikuwa nimeshauchapa wangu, kurasa mbili safi, kabla hata kamati ya mazishi haijakaa. Mwenyekiti wa kamati, mzee wa kanisa, alizipokea zile karatasi akazikunja. Akaniambia kwa upole kwamba marehemu alikuwa ameacha neno: msomaji ni mdogo wangu.

"On behalf of myself," mdogo wangu akaanza siku ya mazishi, daftari mkononi, "the late my father." Nilifumba macho. Nilikuwa nimefika kosa la nane watu walipoanza kucheka, kicheko kizuri cha msibani, maana alikuwa amefika kwa wale kuku. Alipofika kwa goodbye, akalieleza kwa Kiswahili pia, wamama wa kanisa wakaanza kulia, na hata mwenyekiti akatoa leso. Sijawahi kumwonea mtu wivu kama siku ile. Niliyatamani mpaka yale makosa yake.

Watu walipotawanyika nilimkuta nyuma ya nyumba anaosha sufuria, nikamwomba daftari. Alipangusa mikono kwenye leso yake kwanza.

"Usiandike ndani," akasema. "Ni yangu, alinipa."

Nilikaa kwenye benchi lao. Maneno yalikuwa yameandikwa na mdogo wangu, na chini ya kila neno Baba alikuwa ameongeza kitu kwa mwandiko wake unaotetemeka. Ilinichukua kurasa kadhaa kuona kwamba alikuwa akirudia kitu kimoja. Muulize mwalimu. Chini ya breakfast, muulize mwalimu. Chini ya kitchen, vilevile. Nikarudi ukurasa wa kwanza. Window, jicho la upepo. Muulize mwalimu, na hapo alikuwa amepiga mistari miwili.

"Hii ya window ni kweli," nikasema. "Alikuwa sawa."

"Tulijua. Tuliangalia kwa simu mwaka jana."

"Sasa mbona hakufuta hapa?"

Mdogo wangu alinyoosha mkono, nikampa daftari lake. Alipangusa jalada ingawa halikuwa na maji.

"Nilimwambia afute, akakataa. Kila Jumamosi alikuwa anasema leo atakuuliza. Ukifungua tu lango, anaogopa, anafunga," akasema. "Alitaka wewe ndio umwambie."

Kisha akalitia daftari chini ya kwapa na kurudi kwenye sufuria zake.