Wiki Niliyomwagilia Zege

Nilitoka Tunduma Jumanne alfajiri nikiwa na begi moja la mgongoni. Miaka ishirini na kitu nimeishi hivyo, begi moja, na nikiona linaanza kujaa najua muda wa kuhama umefika. Mbeya, Makambako, Iringa. Nililala Chalinze. Kesho yake nikaunga Segera, Korogwe, na zile nyanda kavu za Same ambako mbuzi husimama kwa miguu ya nyuma kufikia majani. Huwa nachagua kiti cha upande wa kulia ili baada ya Mwanga niuone mlima kabla ya abiria wengine. Safari hiyo sikuuona. Wingu lilikuwa limeshuka mpaka kwenye migomba, nami nikakasirika kama mtu aliyefika kwenye miadi akakuta mlango umefungwa.

Nilikuwa nimejipa siku nne. Nilimwahidi hivyo bosi wangu kule mpakani, na tangu Iringa nilikuwa najirudia mwenyewe: siku nne, mfungie mama sefu, ondoka.

Kilichonirudisha ni simu ya mdogo wangu, mtoto wa mwisho kwetu, anayefanya biashara ya viazi Sanya Juu. "Kaka," alisema, "mama anatembea na mfuko. Anakwenda nao mpaka kukata majani ya ng'ombe. Anataka sefu. Njoo wewe, mimi hanisikii."

Nilimkuta nao kweli. Alikuwa anapanda njia ya kihamba chetu, shamba letu la ukoo kule Kibosho, mzigo wa majani kichwani, mundu mkononi, na kwapani mfuko wa turubai ambao zamani baba alibebea mbegu.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Umekonda."

Hiyo ndiyo salamu yangu kila ninaporudi. Nikanyoosha mkono kuupokea mfuko.

"Pokea majani," akasema. "Mfuko nitaubeba mwenyewe."

Kiangazi kilichotangulia nyumba ya jirani yetu iliungua. Ilikuwa ya mbao kama yetu. Watu walitoka, ng'ombe walitolewa, lakini karatasi zote zilibaki ndani, na wiki nzima mama aliwaona wenye nyumba wakipekua majivu kwa vijiti wakitafuta hati ya shamba lao. Tangu siku hiyo akaziweka zetu mfukoni: hati ya kihamba, vyeti vyetu vya ubatizo, picha ya harusi na vingine ambavyo hakutuonyesha. Akaenda navyo kanisani, sokoni, mpaka zizini. Benki hakutaka kusikia. "Benki iko mjini, mimi niko huku," alisema. Alichotaka ni sefu ya kusimama nje, mbali na nyumba, ili nyumba ikiungua karatasi zibaki. Na iwe sefu isiyoingia maji, maana huku kwetu hata kiatu ukikiacha kabatini mwezi mmoja wa masika unakikuta kimeota ukungu.

Jioni ile, akimenya ndizi za mtori, aliniuliza bila kuniangalia, "Safari hii unakaa?"

"Nakufungia sefu kwanza."

Hakuuliza tena. Lakini baba alishafariki, kaka yetu mkubwa yuko mbali kwenye shamba lake, mdogo wangu yuko Sanya Juu na familia yake, na mama alikuwa peke yake na ng'ombe wawili. Sote wawili tulijua swali halikuwa la sefu peke yake.

Alhamisi tukashuka mjini Moshi. Kijana wa duka la kwanza alitupokea kwa heshima, akatufungulia sefu moja ya kijivu yenye vitufe vya namba.

"Mama, hii unabonyeza namba zako za siri tu, inafunguka."

"Nikisahau namba?"

"Kuna ufunguo wa dharura."

"Basi nipe ya huo ufunguo wa dharura. Hizo namba baki nazo."

Kijana akacheka, akatuletea ya ufunguo. Akasifu kwamba inavumilia moto saa nzima.

"Na mvua?" mama akauliza.

"Mvua tena? Mama, hii inakaa chumbani."

"Chumbani ndiko moto uliko, mwanangu."

Nilizunguka maduka manne. Sefu zote zilikuwa za ndani. Zile zinazovumilia moto zimejazwa kitu kama jasi ukutani, na jasi hunywa unyevu. Ukiiweka nje Kibosho itavimba kabla ya Pasaka. Mtu mmoja akanishauri niende mpakani Holili nikaulize za mtumba kutoka ng'ambo. Ningekwenda, napenda mipaka, lakini mama alikuwa amekaa kwenye benchi la duka, mfuko magotini, anasubiri nimalize.

Nikaamua kununua ile ya ufunguo, kisha ikajengewe koti. Mtaa wa Majengo nilimpata fundi wa kuchomelea, mtu mnene mwenye kofia ya kufuma, aliyenisikiliza huku akichora chini kwa chaki. Sanduku la bamba nene, paa la mteremko linalotokeza mbele, ukingo wa mlango uliokunjwa mara mbili, na mpira wa mlango wa gari kuuzungushia.

"Bwana mkubwa," akasema alipomaliza kuchora, "hii ni sefu au banda la sungura?"

"Banda la sungura aliyesoma," mama akamjibu.

Fundi alicheka mpaka akakaa. Kisha akatueleza jambo ambalo sikuwa nimelifikiria: chuma hutoka jasho. Mchana kinapata joto, usiku baridi ya mlimani inakipiga, na maji yanajitengeneza humo humo ndani hata mvua isiponyesha. Kwa hiyo lazima sefu ya ndani isimame juu ya matofali, iachwe nafasi ya vidole viwili kila upande, na chini kuwe na tundu dogo la kupumulia lenye wavu. Nikaona huyu ndiye.

Ikabaki mahali pa kuiweka. Mdogo wangu alikuja Ijumaa na kirikuu chake, kigari cha mizigo, ameleta saruji na kokoto. Akapendekeza pembeni ya kaburi la baba, kwa kuwa pale tayari pana zege na mwizi ataogopa.

"Baba yenu hakuwahi kuwa mlinzi wa mtu," mama akasema. "Muacheni alale."

Jumamosi mama akaenda sokoni na ndizi zake, mfuko kwapani. Mdogo wangu alikuwa amerudi Sanya Juu. Yule fundi wa Majengo akapanda na bolti zake ndefu za kuzamisha kwenye zege, tukazunguka kihamba tukitafuta mahali. Kwetu kihamba hakina nafasi ya kupoteza. Mgomba, chini yake kahawa, chini yake magimbi. Lakini upande wa juu palikuwa na kipande kitupu, kama ukubwa wa nyumba ndogo, nyasi zimekatwa vizuri, pameinuka, maji hayatuami. Pembe nne palisimama isale, yale majani marefu ambayo Wachagga hupanda mipakani na makaburini.

"Haya maua yamepandwa kwa kipimo," fundi akasema. "Angalia, pembe nne."

"Ni isale tu. Huku zimejaa."

Nilijiuliza kidogo kama pana mtu amezikwa pale. Hapana, waliozikwa kwetu wote nawajua. Isale moja ilikuwa inazuia toroli, nikaing'oa nikaitupa pembeni. Tukachimba, tukapanga mawe, tukachanganya, tukamwaga. Saa tisa zege lilikuwa limelala laini kama uji, bolti nne zimechomoza. Fundi akashuka zake. Mimi nikakaa nikitazama kazi, najisikia mwepesi. Siku ya tatu hiyo.

Mama aliporudi alisimama mbali.

"Nani ameing'oa?"

"Mimi. Ilikuwa inazuia toroli."

Akakaa juu ya mfuko wa saruji uliobaki. "Zilikuwa nne," akasema. "Baba yako alizipanda mwaka uliomaliza kidato cha nne."

Kwetu kaka mkubwa hukatiwa shamba, mtoto wa mwisho hurithi nyumba ya wazazi, na wa katikati, kama mimi, hupewa baraka na barabara. Hiyo ndiyo hadithi niliyowasimulia watu Mpanda, Songea, Tunduma, kila aliyeniuliza kwa nini situlii. Mila ndiyo iliyonitoa. Kumbe baba alimega kipande kutoka sehemu yake mwenyewe na kunipandia isale mipakani.

"Kwa nini hamkuniambia?"

"Alikataa. Alisema ukirudi kwa moyo wako utaona pamebaki wazi, utauliza pa nani." Akatazama zege. "Miaka yote nakata nyasi hapa. Mgomba hata mmoja sijaweka. Ulikuja msibani kwake, ukaja Krismasi mbili, ukapita hapa. Hukuuliza."

Mdogo wangu nilipompigia alifoka, "Livunje sasa hivi, bado bichi!" Mama akasikia. "Liache," akasema. "Limeshamwagwa."

Asubuhi yake nilikata jani la isale, nikalifunga fundo, nikapiga goti mlangoni pa jiko na kumpa kwa mikono miwili. Isale ya kuomba msamaha haikataliwi, hata na mtu uliyemuua ndugu yake. Mama alilipokea, akalichomeka kwenye mbao za ukuta.

"Nimepokea," akasema. "Lakini isale ni ya kosa. Mtu kupita kwao bila kuuliza, sijui kama ni kosa. Labda ndivyo ulivyo."

Fundi alikuwa ameniagiza: siku saba, magunia juu ya zege, maji asubuhi na jioni, nikilifunga sanduku mapema bolti zitacheza. Siku zangu nne zikaisha nikiwa na ndoo mkononi. Sijawahi kuona siku ndefu kama zile. Nilimwagilia, nikachonga mpini wa jembe, nikamwagilia. Nilifua shati lile lile mara mbili kwa siku moja. Gari likipanda mteremko kutoka mjini nilijua kwa mlio limebadili gia wapi, na nilikuwa nasimama bila sababu, kisha nakaa. Bosi alipiga simu mara tatu, ya nne nikazima.

Siku ya sita nilichukua kamba nikapima kiwanja. Mlango hapa. Dirisha kule, upande wa mlima, ili siku wingu likifunguka niwe wa kwanza kuuona. Nusu saa hivi niliipenda nyumba hiyo, naapa. Nilishaanza hata kufikiria mabati ya rangi gani. Halafu nikafikiria masika ya kwanza ndani yake, na ya pili, na ya kumi, mvua ile ile juu ya bati lile lile. Nikakunja kamba upesi kabla mama hajatoka zizini. Alikuwa ameshatoka. Alikuwa amesimama na ndoo ya maziwa, na sijui alikuwa pale tangu lini.

Siku ya nane nikamwambia zege liko tayari. Akainama, akalibonyeza kwa dole gumba.

"Bado."

Siku ya tisa pia bado. Ya kumi nikapandisha sauti: "Mama, hili limekauka! Hata nyundo halisikii!"

"Wewe fundi?" akasema, na mbele ya macho yangu akachota kata ya maji akaimimina juu yake. Kisha akabaki ameishika ile kata tupu. Mimi nilicheka, yeye hakucheka. "Haya," akasema baadaye. "Mwite mdogo wako."

Siku ya kumi na moja kirikuu kilipandisha sanduku, limepakwa rangi ya kuzuia kutu na juu yake ya kijani. Mimi, mdogo wangu na fundi tulilibeba tukihema. Nati zote tukazikaza kwa ndani, ili mtu wa nje asizione. Tukaweka gazeti kavu ndani, tukafunga, tukamwagia ndoo kwa ndoo nusu saa nzima kutoka kila upande. Tulipofungua, kona moja ya gazeti, upande wa bawaba, ilikuwa imelowa. Fundi akatukana kwa heshima, akaongeza mpira, akagonga ukingo. Tukarudia. Gazeti likatoka kavu kabisa, tukaiingiza sefu juu ya matofali yake. Mama akaleta mkaa aliouvunja vipande vidogo na kuufunga kwenye kitambaa, akauweka chini ya sefu uvute unyevu.

Kesho yake asubuhi begi langu lilikuwa tayari limesimama barazani. Mdogo wangu alikuwa amelala pale ili anishushe. Mama akaja na mfuko wa turubai, akaanza kutoa kimoja kimoja na kupanga ndani. Hati. Vyeti vya ubatizo. Picha ya harusi. Mwisho akatoa karatasi iliyokunjwa ndani ya nailoni: cheti changu cha kidato cha nne. Nilidhani nilikipoteza Songea. Kumbe sikuwahi hata kwenda kukichukua shuleni. Baba ndiye alikifuata.

"Hiki," akasema, "kama unarudi kukaa, kiache humu na wenzake. Kama hurudi, kichukue. Nisikae nakitunza kama nilivyotunza nyasi."

Mdogo wangu akageuka, akaanza kukagua tairi la kirikuu.

"Mama, nitakuja Kris..."

"Sijakuuliza unakuja lini."

Nilitamani gari lolote lipite, mtu yeyote apige hodi. Hakuna. Nilinyoosha mkono nikakichukua.

Akatikisa kichwa taratibu, kama mtu aliyesomewa jibu alilolijua. Akafunga sefu, akafunga mlango wa nje, akaujaribu mara mbili. Ufunguo mmoja akampa mdogo wangu, wa pili akaufunga kwenye pindo la khanga. Kisha akakung'uta ule mfuko mtupu na kunipa. "Kitie humu, kisilowe."

Tangu nianze kuondoka nyumbani mama hakuwahi kunisindikiza. Alikuwa akisema mgeni ndiye husindikizwa. Mtoto wa nyumba hutoka tu, kwa kuwa atarudi. Angebaki jikoni, ningepiga kelele "Naenda!", naye angeitikia kutoka kwenye moshi.

Siku hiyo alijifunga khanga ya pili na kutembea nami nyuma ya kirikuu kilichokuwa kikishuka polepole, mpaka barabara kubwa. Mikono yake ilikuwa mitupu. Njiani mara mbili alibana kwapa, kama kuna kitu kinataka kuanguka.