Maji ya Bakuli na Maji ya Mto

Sauti ya benchi likiburutwa sakafuni bado inanikaza shingo. Nimeishi Kindu, Buta, Bunia, nikiuza hiki na kile, na popote mbao zinapokwaruza saruji najikuta Lubunga, ng'ambo ya mto, miaka ya hamsini, mji ukiitwa bado Stanleyville. Ni Jumapili alfajiri, nina miaka kumi na miwili, na mkeka wangu unakunjwa ili kanisa liingie.

Maana kanisa lilikuwa nyumba yetu. Papa, baba yangu, alikuwa seremala katika karakana ya reli. Alitoka Kasai, na huko alikuwa Mpresbiteri kama baba yake. Mama yangu alifariki hukohuko, mimi nikiwa sijajua kutembea. Papa alipohamia Lubunga hakukuta Mpresbiteri hata mmoja, basi Jumapili ya kwanza alisali na kaku, yaani bibi yangu, nami nikiwa mgongoni mwake. Baadaye akaja dereva wa treni na mkewe. Akaja karani wa stesheni na watoto sita. Chumba cha mbele kilipojaa, papa alibomoa ukuta wa chumba changu. Watu wakapiga makofi: kanisa linakua! Mimi nilibaki na mkeka nyuma ya mlango wa jiko, kati ya gunia la mahindi na mtungi wa maji.

Ibada ilikuwa ndefu, kwa sababu kila neno lilisemwa kwa Kiluba, kisha kwa Kiswahili, hivyo hubiri moja tulilisikia mara mbili. Kaku alikuwa amekwisha kusonga bidia, ugali wetu wa Kasai, ya mchana, na mvuke wake ulichanganyika na harufu ya nguo zilizopigwa pasi ya makaa. Nje, jirani yetu wa Isangi alitwanga ndizi za lituma, pu, pu, pu, na moshi wa samaki wake ukaingia dirishani kunitania. Niliona pirogi, mitumbwi ya kwetu, zikivuka kwenda mjini, na boti ya Yangambi ikigeuza pua. Nani amepanda? Huko Yangambi, kwenye mashamba ya utafiti ya Wazungu, kweli wanaandika namba kwenye miti? Nikiuliza, kaku alinifinya paja.

"Tumbo ya maswali haishibake bidia," alisema.

Shule niliipenda, kwa sababu kule kuuliza hakukuwa na mfinyo. Ilikuwa ya misheni nyingine. Wamisheni walikuwa wamegawana nchi baina yao, na upande wetu uliangukia wale wanaobatiza watu wazima kwa kuwazamisha mtoni. Sisi tulibatiza hata watoto wachanga, kwa maji ya bakuli, matone matatu kichwani. Watoto wa shule walilijua hilo.

"Kichwa tu njo imeokoka!" walinipigia kelele. "Siku ya mwisho kichwa yako itapanda juu, miguu itabakia Lubunga!"

Nilicheka nao. Ningefanya nini? Lakini mwaka niliomaliza darasa la mwisho pale, mwalimu alisema nafasi ipo katika shule ya wasichana ng'ambo ya pili, mradi nilete karatasi ya ubatizo. Papa alileta ile ya Kasai. Mwalimu aliisoma yote, akamrudishia kwa heshima.

"Papa, kwetu mutu anaamini kwanza, kisha anaingia mu maji. Hii walimupatia angali ananyonya."

"Mwalimu, mama yake alimubeba siku ile na mikono yake. Leo niseme ile maji ilikuwa bure?"

Hakuna aliyepandisha sauti. Nilisimama kati yao nikiangalia viatu vya mwalimu, nikajua kwamba watu wawili wema wamenifungia mlango.

Basi nikaenda mwenyewe. Nilisema naenda kufua, nikaingia katika mstari wa watu waliovaa nguo nyeupe ukingoni mwa mto. Mchungaji wao aliniuliza kama nimewahi kubatizwa.

"Bado," nilisema.

Maji yalinifunika. Kwa kitambo kidogo hapakuwa na benchi, wala hubiri, wala mtu wa kunifinya. Nilipoinuka nilidhani nimetoka nyuma ya ule mlango wa jiko.

Kadi ya ubatizo niliipata, na nafasi ya shule pia. Mke wa dereva akaipata habari sokoni.

Mwezi huohuo kundi letu lilikuwa limekubaliwa kuwa kanisa kamili, na papa, dereva na karani waliwekewa mikono kuwa wazee wa kanisa. Shauri la kwanza la baraza lao nilikuwa mimi. Walikaa chumba cha mbele, mimi nikiwa kwenye mkeka wangu, na kutoka nje kulikuwa ni kupitia hapohapo walipokaa.

"Mzee mwenye haweze kuchunga nyumba yake atachunga nini?" papa alisema. "Mimi natoka."

"Seremala, ukitoka tutakalia nini? Benchi njo zako!" dereva alisema. Akaendelea polepole: "Ukitoka, bon, hii watu watakwenda kule ya mto, mumoja-mumoja. Kanisa iko inaisha. Lakini mutoto akisimama yeye mwenyewe, aseme ukweli mbele ya watu, mambo itakwisha."

Papa hakuniomba. Kaku hakunifinya. Hilo ndilo lililonibana kuliko yote.

Jumapili nilisimama. "Kule mtoni waliniuliza kama nimebatizwa, nikasema bado. Nilisema uongo." Papa aliangalia sakafu. Wimbo ulianza kabla sijakaa.

Habari ilifika shuleni, na mwalimu alikuja mwenyewe kuichukua kadi. Aliipokea kwa mikono miwili, kama mtu anayepokea chakula msibani. Nafasi yangu ilikwenda kwa msichana mwingine. Papa hakusema asante wala pole, ila alinitengenezea sanduku la mbao lenye kufuli, kubwa kuliko mali yangu yote. Nilipofikisha miaka kumi na mitano nililipandisha kwenye boti ya Yangambi, na tangu hapo sijajua kutulia.

Papa na kaku walikwisha kuondoka duniani. Ile nyumba haipo, pamesimama kanisa la matofali, na watu wake wamejaa hadi uani. Nilipopita mara ya mwisho nilimkuta mchungaji kijana akimpokea msichana aliyetoka kwa wale wa mtoni. Nikauliza lini atabatizwa.

"Amekwisha kubatizwa, mama. Barua ya kanisa yake inatosha. Siku hizi hatuulizanake tena mambo ya maji."

"Tangu lini?"

"Ah, zamani! Mimi nilikuwa sijazaliwa." Alicheka, kama mtu anayechekea hadithi za wazee.

Nilijaribu kumweleza, nikakuta hakuna wa kunisaidia kusimulia. Ukuta ule ulionizuia umekwisha kubomolewa, na hakuna anayekumbuka ulisimama wapi. Yule msichana alikunja barua yake, akaomba njia. Alikuwa na masomo saa nane. Nilikuwa nimesimama mlangoni. Nikampisha.