Mrija Mrefu Niliompa Yokana

Siku hizo Busia yote ilikuwa inasema kwamba ng'ambo ya bahari kuna jela isiyo na askari. Wafungwa wa huko, ilisemekana, wamefunzwa utii kwa sukari mpaka tabia zao zimekuwa tamu zenyewe. Jioni ikifika wanajifungia kwa ndani, kisha mkubwa wao anasukuma ufunguo chini ya mlango ili mlinzi akipita auokote. Nilisimuliwa na mwendesha baiskeli aliyekuwa akivusha watu na magunia pale mpakani, naye alisimuliwa na shemeji yake ambaye aliwahi kuona picha ya meli. Mimi niliamini yote, pamoja na meli.

Ninaungama, ndugu msomaji, kwa sababu kuamini kwangu hakukunigharimu mimi kwanza. Kulimgharimu mtu mwingine miezi minne ya maisha yake, na aliporudi kwake alikuta kwake kumepungua. Jina langu nimelificha. Ukinitambua kwa majivuno yangu, nyamaza tu.

Ilikuwa miaka michache baada ya Uhuru. Nilikuwa koplo katika shamba moja la jela upande wa Tororo, tepe mbili mkononi, na hati ya shule ya jioni ambayo niliitundika juu ya kitanda ili hata nikilala elimu iwe juu yangu. Kwenye shule ile nilijifunza Kiingereza kingi kuliko kile kilichokuwepo. Mwalimu mwenyewe alikuwa ananiomba nipunguze.

Bwana Jela, mkubwa wa kituo, alinikabidhi bweni la watu ishirini na mmoja. Akaniambia, "Koplo, hawa ni watu wa vifungo vifupi. Sitaki kusikia fimbo. Tafuta njia nyingine ya kuwaweka sawa."

Kuniambia mimi nitafute njia ni kama kumwambia mbuzi atafute majani.

Mwezi ule vikombe vya bati vya bweni vilikuwa vimetoboka vyote, na vipya tulikuwa tunavingoja kutoka Kampala. Mpishi wetu, mfungwa mmoja Msamia aitwaye Wafula, akatoa shauri. Watu wa huku wote wanajua kunywa pombe ya wimbi kwa mirija, wameketi kuzunguka chungu kimoja. Basi na uji wa asubuhi unywewe hivyohivyo. Mirija ikakatwa bondeni, uji ukalainishwa, chungu kikubwa kikawekwa katikati ya ua, na watu wakanywa bila taabu.

Hapo ndipo elimu iliponipanda kichwani. Kwenye chungu cha pombe, mtu wa heshima hakumbatii chungu. Anakaa nyuma, kwenye kiti chake, na mrija wake mrefu unapita juu ya mabega ya wadogo. Nikajiambia, sukari yangu nimeipata.

Nikatunga sheria. Aliyefanya jema anaongezewa mrija shubiri moja, kipande kwa kipande, tunaunga kwa mpira wa ndani wa baiskeli. Aliyekosa anakatwa shubiri moja kwa kisu mbele ya wenzake. Nikaiandika ubaoni kwa Kiingereza. Wafula akauliza kwa nini Kiingereza wakati hakuna hata mmoja anayekisoma. Nikamjibu kwamba sheria ikieleweka haraka haiogopwi.

Sasa nikuambie habari za Yokana.

Yokana alikuwa mtu wa makamo, Mjopadhola kutoka upande wa Petta, mpole mpaka inzi walikuwa wanamwamkia. Kifungo chake kilikuwa mwaka mmoja, kwa kumpiga jirani kwa mpini wa jembe. Siku ya kwanza nilimuuliza sababu.

"Jirani anahamisha miti ya mpaka, afande. Kila msimu hatua moja. Mvua ikilainisha udongo, yeye anang'oa, anapanda huku kwangu."

"Ndipo ukampiga."

"Mara moja tu. Mpini yenyewe ilikuwa nyepesi."

Hesabu yake ilikuwa rahisi, na aliijua kama Baba Yetu. Mfungwa mwenye tabia njema alisamehewa theluthi ya kifungo. Akitulia, angetoka baada ya miezi minane, siku chache kabla ya mvua za kwanza, akasimame kwenye mpaka wake na jembe lake. Akiharibu, angekaa mwaka mzima na kutoka wimbi likiwa limeshavunwa, na miti imeshatembea.

"Mke wangu peke yake hawezi kumzuia huyo mtu," aliniambia. "Nisaidie nifike kabla ya mvua, afande."

Nikamwahidi. Nilimpenda sana Yokana, na kwa upendo huo nikaanza kumwongezea mrija.

Alilima pamba vizuri, shubiri. Alifagia bila kuambiwa, shubiri. Alinisalimia kwa kofia mkononi, shubiri mbili. Mwisho wa mwezi wa pili mrija wake ulitoka chunguni, ukapita juu ya wenzake, ukakata ua, na yeye mwenyewe alikuwa ameketi kwenye kivuli cha tangi la maji, juu ya kiti nilichomwazima kutoka ofisini. Wageni walifikiri anavuta maji ya tangi. Mimi nilikuwa nasimama kando yake kila asubuhi nikimtazama anavyovuta, mashavu yamekutana ndani, macho yamemtoka, kama chifu anayefikiri sana.

Siku moja akaniambia, "Afande, hii mrija imekuwa refu sana. Naomba ile ya wakosaji."

Nilisikia machozi yananijia. Nikawageukia wengine nikasema, "Mmesikia? Huyu amefika mahali ambapo hata heshima anaikataa." Kwa unyenyekevu huo nikamwongezea shubiri tatu.

Upande wa pili, jambo la ajabu lilikuwa linatokea. Wakosaji walianza kuongezeka. Kadiri nilivyokata mirija ndivyo walivyokosa. Walikuja wenyewe, kwa foleni, kabla jua halijapanda.

"Afande, niandike. Jana nimekutukana."

"Jana? Sikusikia tusi lolote."

"Nilitukana kwa moyo."

"Ulisema nini?"

"Kubwa sana, afande. Kata shubiri mbili."

Mwingine aliungama kwamba ameiba ng'ombe wa jela. Nikaenda kuhesabu ng'ombe, wote wapo. Akasema alikuwa na nia. Wafula, mpishi, ambaye mrija wake ulikuwa umebaki urefu wa kidole, alinijia akiwa amenenepa mashavu na kusema roho yake imeoza kabisa, anaomba adhabu ya mwisho. Adhabu ya mwisho nilikuwa nimeiweka mwenyewe ubaoni: kunyang'anywa mrija, mkosaji anywe kwa mdomo chunguni kama ndama. Nikampa. Kesho yake watu saba wakaja na roho zilizooza.

Ungekuwa wewe, ungesimama ukafikiri. Mimi nilikaza uzi. Niliona nimekutana na kizazi kilichoharibika kuliko vyote tangu Nuhu, na kwamba kati ya waovu wale ishirini, mwenye haki ni mmoja tu, yuko kwenye kivuli cha tangi.

Naye alikuwa anakonda. Kaptura yake aliifunga kwa kamba, kisha kamba akaizungusha mara mbili. Nilidhani ni mawazo ya nyumbani.

Ilipobaki wiki tatu atoke, Yokana aliangukia kwenye mistari ya pamba. Wakammwagia maji, akaamka, akamaliza mstari wake. Asubuhi iliyofuata alifanya jambo ambalo sitalisahau. Nilikuwa nimevua kofia yangu ya kazi nikaiweka juu ya nguzo ya ua. Yokana akainuka kwenye kiti chake, akaichukua, akaenda nayo hadi zizini, akamvalisha dume la kukokota jembe. Kisha akarudi nyuma hatua tatu, akapiga mguu chini, akampigia dume saluti.

"Jambo, afande," akamwambia ng'ombe.

Bweni zima likalala chini kwa kicheko. Hata askari wa lango. Hata dume, mimi naapa, alikuwa anatabasamu, na kofia ilimkaa vizuri kuliko mimi.

Yokana akanijia mbio, ameshika mrija wake wote mikononi kama kamba ya kisima. "Nimekosa, afande. Kata."

Sasa sikiliza ubaya wangu. Wale wengine wote, watukanaji wa moyo na wezi wa nia, niliwakata mirija tu. Sikuwahi kupeleka hata jina moja kwa Bwana Jela. Lakini huyu alikuwa wangu. Huyu nilimwazima kiti. Nilikata mrija wake, ndiyo, nikaukata mpaka ukabaki shubiri moja, halafu nikaingia ofisini nikaketi na kamusi. Niliandika kurasa mbili za Kiingereza. Ng'ombe kuvaa kofia niliita uasi dhidi ya serikali. Saluti niliita jambo ambalo mpaka leo sijui maana yake, ila lilikuwa refu na lilijaza mstari.

Askari wa lango aliniambia, "Koplo, chana hiyo karatasi. Mtu amebakiza wiki tatu."

Nikamwambia anayeweza kuisoma ndiye aichane, yeye asiyejua kuisoma akalinde lango.

Bwana Jela alimwita Yokana mezani akamuuliza kama ana neno la kujitetea. Yokana alisimama wima. Ule ulikuwa mchana wa siku yake ya kwanza karibu na chungu.

"Sina neno, bwana. Leo nimeshiba."

Mimi niliona ni ufedhuli. Bwana Jela naye aliona ni ufedhuli. Siku zake za msamaha zikafutwa zote, karatasi ikatumwa Kampala, na karatasi ikishavuka Jinja hairudi.

Mvua za kwanza zilinyesha Yokana akiwa kwetu. Nilimwona amesimama kwenye dirisha la bweni anatazama matone, vidole vinahesabu hatua juu ya ukingo wa dirisha. Alikuwa amenenepa, na mimi nikawaambia wenzangu kwamba adhabu imemfaa.

Mwezi mmoja baadaye Bwana Jela alipita uani saa ya uji bila taarifa. Alikuta mirija yote iko chini na vichwa ishirini na kimoja vinagombana kuingia kwenye chungu kimoja, makalio nje, kama nguruwe wa misheni. Aliniuliza ninafundisha nini. Nilijibu kwa Kiingereza. Tepe moja ilitoka mkononi mwangu wiki ileile, na vikombe vipya vikaja, na hakuna tena aliyeungama dhambi yoyote.

Tepe siililii. Ninyi mliopewa watu wa kuwarekebisha, walimu wa bweni, wazee wa kanisa, hata wewe mama mwenye watoto wengi, nawaomba kitu kimoja. Kabla hujamzawadia mtu, kaa kwenye nafasi yake, uone zawadi hiyo inalika vipi. Mimi sikuonja uji ule hata asubuhi moja. Nilikuwa nakunywa chai ofisini.

Yokana alipotoka nilingoja wiki mbili, kisha nikaendesha baiskeli hadi kwake, nimebeba chumvi na jembe jipya. Wimbi lilikuwa limeshavunwa. Miti ya mpaka ya jirani ilikuwa imesimama hatua nne kutoka mlango wa jiko, na mihogo yake ilikuwa inachungulia ndani ya sufuria. Mke wa Yokana alikuwa amemfunga kuku mguu ili asiende nchi ya watu. Hakunisalimia. Alipokea chumvi, jembe akaliacha mkononi mwangu.

Yokana alinipa kigoda. Nikamwomba msamaha, nikalia kidogo, halafu, kwa kuwa majivuno hayafi siku moja, nikamuuliza kile kilichokuwa kinanikera.

"Lakini Yokana, nilikuheshimu kuliko wote. Nilikuketisha kama mzee kwenye chungu cha pombe. Ni nini kilikuingia mpaka ukanifanyia vile?"

Alinitazama kwa upole uleule, kama mtu anayetafuta pa kuanzia kumwelewesha mtoto.

"Afande, kwenye pombe kuna mama anaongeza maji ya moto kila saa. Chungu haikauki, hata aliye mbali anapata. Uji wako haukuwa na mtu wa kuongeza. Hao wa karibu walimaliza kabla haijafika kwangu. Nilikuwa na njaa, na wote waliokosa niliona unawakata mrija tu."