Mkalimani wa Sinema ya Nyota, Nungwi

Nilikwenda Nungwi kwa ajili ya posa. Ami yangu alikuwa amepeleka barua ya kumposa Zuhura, binti wa Bi Mize, mjane wa huko, na jibu likarudi kwamba kijana mwenyewe aende akaonekane. Tatizo ni kuwa ami, kwa mapenzi yake, aliandika kwamba Kiingereza nakijua kama maji ya kunywa. Mimi nilikuwa nauza vitambaa Mlandege. Kiingereza changu kilikuwa kile kilichopigwa chapa kwenye majora.

Asubuhi niliondoka Jang'ombe na kanzu iliyopigwa pasi mara mbili. Tulipofika Mahonda gari letu la mbao lilichemsha, tukateremka kungoja injini ipoe. Hapo ndipo lilipotupita lori la sinema ya bure, likielekea kaskazini. Nilifurahi. Nilijiambia leo Nungwi watakuwa na kitu kingine cha kutazama.

Nilifika baada ya adhuhuri. Bi Mize alikuwa barazani anasuka ukili.

"Shikamoo, Bi Mize."

"Marahaba. Sisi tushakula, chako kimefunikwa." Akanikagua toka kofia hadi makubadhi. "Barua inasema wajua Kiingereza."

"Kidogo."

"Barua haikusema kidogo."

Zuhura alileta maji ya kunawa, akaondoka bila kuinua uso. Niliona mabega yake yanacheka.

Baada ya Isha, shuka kubwa jeupe lilitandazwa kwenye uwanja wa mpira na kijiji kizima kikakaa chini, Bi Mize na Zuhura wakiwemo. Bwana wa sinema alikuwa amekaukwa na sauti kwa mafua. Akauliza, kwa kunong'ona, kama yupo mtu wa kufasiri. Nilikuwa nshaanza kurudi nyuma Bi Mize aliposema kwa utulivu, "Mgeni wangu yupo hapo." Nikapewa kipaza sauti.

Filamu ilikuwa kuukuu. Watu waliovaa nguo za kumetameta kama bati walikuwa wanakwenda kwenye nyota, ndani ya chombo ambacho uzi uliokining'iniza ulionekana wazi. Mafundi wa kuunda vyombo vya baharini walikaa mbele.

"Hakina mkuku hicho," alisema mmoja wao. "Kitapinduka."

Nahodha akazungumza muda mrefu sana.

"Anasema safari ni ndefu," nikafasiri.

Akazungumza tena.

"Anasema bado ni ndefu."

Kisha akatokea mwanamke analia, na mimi nikapata ushujaa. "Anasema ameposwa na muuza vitambaa, kijana wa heshima, na anangoja kauli ya mama yake."

Watu wote wakageuka kumtazama Bi Mize. Hapo akainuka Mzee Haji, aliyewahi kuwa mpishi wa meli za Wazungu. "Anasema hewa imewaishia," alisema. "Watakufa wote. Posa haikutajwa."

Nilitamani ardhi ipasuke niingie. Nikamkabidhi kipaza sauti, nikaenda kusimama kando.

Mzee Haji alifasiri kila neno: hewa, uzito, mwendo, hesabu. Robo saa haikupita, watoto wakalala, na mafundi wakaanza kukung'uta nguo waondoke. Ndipo sauti ya mama mmoja ikatoka nyuma: "Mrudisheni yule muongo."

Nikarudishwa. Hakufa mtu. Chombo kilitua salama, nahodha akaoa, na wageni wa nyotani wakala biriani mpaka taa ilipozimwa.

Asubuhi Bi Mize alinisindikiza kituoni. Sikungoja aniulize.

"Bi Mize, Kiingereza sikijui."

"Hilo Nungwi nzima yajua."

"Na posa?"

"Tangu kufa babake sijamsikia Zuhura akicheka kama jana. Mwambie ami yako alete mahari."

Garini, nikirudi mjini, niliitafakari safari yangu. Aibu niliyoiogopa njia nzima ilidumu robo saa tu, na baada yake watu walinisogezea mkeka nikae.