Kopo la Grisi

Nilipokuwa mtoto pale kisiwani Chole, nililijua gari moshi kwa harufu kabla sijaliona. Mjomba wangu, mdogo wake mama, alikwenda bara kuchochea kuni kwenye reli ya Wadachi, yaani Wajerumani, na aliporudi nyumbani kutaka kuoa alikuja na kopo la grisi. Nyeusi, nzito, inanuka samaki aliyeozea juani.

Niliivumilia kwa ajili ya hadithi zake. Alikaa barazani akatusimulia milima inayokuja mbio dirishani, mito inayopita chini ya miguu yako, na moshi unaobaki nyuma juu ya miti. Akapiga honi kwa mdomo. Nilimwomba arudie mpaka sauti ikamkauka.

Bibi, mama yake, hakucheka. Mlango wa chumba chake ulikuwa unalia siku zote, basi mjomba akaupaka grisi ili amfurahishe. Bibi akausukuma, nao haukutoa sauti. Akagusa bawaba, akanusa kidole, akarudi nyuma.

"Mafuta gani haya, mwanangu?"

"Ya gari, mama."

"Gari lipate wapi mafuta? Ya watu hayo. Mumiani wanawakamua watu huko bara, nawe waja kunipakia mlangoni."

"Mama, mimi ndiye ninayelilisha. Linakula kuni tu."

"Na wewe litakula."

Mchana tukaketi kwenye sinia. Mjomba alikuwa amenawa kwa majivu na ndimu, lakini weusi ulibaki kwenye kucha. Alipotia mkono kwenye wali, mikono yote mingine ikatoka. Mama akatema tonge alilokuwa nalo mdomoni, pale pale kwenye mkeka, mbele ya ndugu yake.

Mjomba alilimaliza lake polepole. "Basi hata posa msinipelekee," akasema. Alasiri akavuka kurudi bara, kopo lake kwapani. Hatukumwona tena.

Bibi alifariki akiamini gari lilimla. Mimi nikaolewa bara, nikalipanda. Milima ilikuja mbio dirishani kama alivyosema, na mpaka uzee huu honi ikilia naacha chungu mekoni natoka kutazama. Wachochea kuni wakipita nawatazama kwanza kucha.

Harufu ya grisi ingali inanitia kichefuchefu. Lakini kinyaa hasa ninakipata nikilikumbuka lile tonge juu ya mkeka. Gari halikumla mjomba. Sisi ndio tuliomtema.