Vipande Sita Bila Tone

Watu wakisikia nilikuwa rubani, wananiamkia vizuri. Wakisikia kwamba kabla ya hapo nilihukumiwa mara mbili kwa kuendesha lori nimelewa, wanaanza maswali ya kijinga: eti huko juu nilikuwa naona mawingu mawili mawili? Siwajibu. Lakini sasa nimestaafu, hakuna wa kunifukuza kazi, basi acheni niseme mwenyewe kabla wapwa zangu hawajawasimulia kwa chumvi yao.

Nilikulia Mnyuzi, ndani ya mkonge, enzi za Mwingereza. Baba alikuja na manamba, vibarua wa mkataba, kutoka bara ya mbali, akakata mkonge mpaka mgongo ukagoma, akafa mimi nikiwa mdogo. Mama, Mzigua wa Handeni, alibaki na kazi aliyoiweza kuliko wanawake wote wa reli ya Tanga: kupika boha, pombe ya miwa. Wafanyakazi waliifuata kwa miguu kutoka mashamba matatu. Mimi niliionja kabla sijajua kuhesabu, maana ndiyo niliyopakwa kwenye ufizi nilipoota meno. Shule nilifika darasa la kumi, nikafukuzwa, na sababu mnaijua. Nikajifunza udereva na kupewa lori la shamba.

Kosa la kwanza nililifanyia Mazingara. Nilitumwa kununua mahindi ya posho, nikamkuta mjomba anaoza binti. Ningefanyaje? Ukikataa pombe ya mjomba umemkataa mjomba. Wakati wa kurudi barabara ilipinda, mimi sikupinda. Lori likaingia katikati ya mtama wa mzee mmoja, likazimika lenyewe, na mimi nikalalia usukani mpaka mwenye shamba alipokuja kuniuliza kama nimekuja kumsaidia kuvuna. Bwana Shauri wa Handeni, yule Mzungu wa serikali aliyehukumu kesi, akanipiga faini.

La pili lilikuwa Mnyuzi penyewe, mchana kweupe. Nilikuwa nimepitia kwa mama kukata kiu, na lori likanizimikia juu ya reli. Treni ya kutoka Tanga ikaja, ikapiga honi, ikasimama. Loo! Abiria wote vichwa nje. "Dereva, tia gia!" "Dereva, shuka uombe dua!" Dereva wa treni alishuka akanisogelea, akaninusa mara moja tu, akasema huyu apelekwe Korogwe. Nikapelekwa. Na nani namkuta kwenye kiti cha hukumu? Bwana Shauri yule yule, kahamishwa! Akanitazama juu ya miwani. "Wewe tena?" Nami, mdomo wangu huu haujawahi kunisaidia, nikamjibu, "Na wewe tena, Bwana?" Karani akacheka. Leseni yangu ikachukuliwa miezi sita.

Iliporudi, meneja alinirudisha kazini kwa kuwa hakuwa na dereva mwingine, msidhani alinipenda. Asubuhi nilipeleka wakataji mashambani. Mchana nilipeleka mapipa ya petroli kwenye kiwanja cha ndege kilichofyekwa katikati ya mkonge, ambako ndege ndogo ilitua kushusha mameneja na barua. Rubani wake, Mwingereza wa makamo, ndiye aliyekuwa na ndege hiyo. Kaishi mkongeni miaka mingi, Kiswahili anakisema kama sisi. Nilimsaidia kujaza mafuta, nikawa namuuliza hiki cha nini na kile cha nini, mpaka siku moja akachoka na maswali yangu akasema, "Panda basi, uone mwenyewe."

Tulizunguka hadi Mombo na kurudi. Niliona milima ya Usambara imesimama ubavuni kwangu, si juu yangu, na mistari ya mkonge imenyooka mpaka macho yanachoka. Nililia, wala sioni haya kusema. Tangu siku ile sikutaka kitu kingine duniani.

Yule Mwingereza alikuwa mtu wa maneno machache. Aliniambia Uhuru unakuja, naye anataka mwenyeji wa kufundishwa, na mimi injini nazijua na Kiingereza nakisikia. "Lakini habari zako za Handeni ninazo, na za Korogwe ninazo. Nataka miezi sita bila tone. Ukinionyesha, nakuandikia barua ya kwenda Nairobi kusoma urubani."

"Nitakuletea ushahidi," nikasema.

Sasa hapa mnielewe vizuri, maana ndipo watu wananiita mwongo na mimi sikuwa mwongo. Sisi watu wa mkonge mwezi wetu ulikuwa kipande. Ni kadi yenye vyumba thelathini. Siku uliyofanya kazi unawekewa alama. Siku uliyoumwa, au uliyoona tu jua ni kali ukajilalia, inaachwa, hakuna anayekuuliza. Vyumba thelathini vikijaa, kipande kimekwisha, hata kama umekwenda nacho siku arobaini. Baba yangu alihesabu maisha yake hivyo. Kwa hiyo mimi nilipoambiwa miezi sita, nilikwenda kwa karani nikaomba kadi sita tupu.

Mwenye kuweka alama alikuwa mama. Nani mwingine? Kila jioni kabla ya chakula nilikaa mbele yake.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Pumua."

Napumua. Akiridhika anachovya kijiti kwenye masizi ya chungu, anaweka alama. Asiporidhika anairudisha kadi kwenye kanga na kusema, "Leo hakuna kitu." Nilijaribu kutafuna kitunguu, nikajaribu majani ya mpera. Akacheka mpaka akashika mbavu. "Mwanangu, mimi nilianza kupika pombe wewe hujawa hata wazo. Unamficha nani?" Na boha yenyewe iko hapo hapo, inachemka nyuma ya nyumba, ananinyima alama kwa pombe niliyonunua kwake!

Lakini nilijitahidi, jamani. Kipande cha kwanza kilinitoa jasho, cha pili kikawa nafuu. Misiba ilinishinda, na harusi, na siku za mshahara, na siku moja ambayo sikuwa na sababu yoyote. Siku hizo ziliachwa. Cha sita kilipojaa nilivaa shati jeupe, nikaenda ofisini kwa meneja. Rubani alikuwa ameketi naye wanakunywa chai.

Nikapanga kadi zangu mezani, moja baada ya nyingine. Sijawahi kujiona mtu kama siku ile.

Rubani akasoma tarehe za kuanza na za kumaliza, maana niliziandika mwenyewe kwa mwandiko safi. Akarudi kwenye kadi ya kwanza. "Hii ni miezi kumi," akasema.

"Ndiyo, Bwana. Vipande sita kamili."

Meneja aliielewa hesabu yangu kabla yake. Alicheka mpaka chai ikamwagika kwenye sahani. "Kwa sheria ya shamba amemaliza! Huwezi kumnyima!" Nami nikacheka, nikiona mambo yamekwisha.

Rubani hakucheka. Aliniuliza taratibu, "Siku zisizo na alama, kesho yake ulikwenda kazini?"

"Nilikwenda. Sijakosa kazi hata siku moja." Nililisema kwa majivuno, Mungu anisamehe.

"Alfajiri, na pombe bado kichwani?"

"Ilikuwepo kidogo."

"Uliendesha?"

"Niliendesha."

"Ukabeba nini?"

"Wakataji, Bwana."

"Wangapi?"

"Wanajaa. Arobaini, na wengine wananing'inia."

Hapo nikajisikia. Maneno yalitoka kinywani mwangu nikayasikia kama mtu mwingine kayasema. Kulikuwa na mama mmoja aliyepanda na mtoto mgongoni kila siku, akikaa nyuma yangu kabisa, akigonga bati kunisalimia. Miezi kumi nilikuwa nimehesabu alama tu, na yule mama sikumfikiria hata mara moja. Meneja naye aliacha kucheka, akatazama dirishani.

Rubani alizikusanya kadi, akanirudishia. "Nenda nyumbani," akasema. "Barua siandiki."

Nilirudi nimekasirika. Nilimtukana njia nzima, yeye na ndege yake na ukoo wake. Nilifika nikamkuta mama anachuja boha, nikamsimulia yote. Nilitegemea amtukane pamoja nami. Akaweka chujio chini.

"Asubuhi zile," akasema, "mimi ndiye niliyekuwa nakuamsha. Nakuona unayumba, nakushika mkono nakupandisha kwenye lori usikose kazi. Alama nakunyima, lori nakupandisha." Akakaa chini vumbini, akajifunika uso kwa kanga. Sikuwa nimewahi kumwona mama analia, hata baba alipokufa.

Hasira yangu ikaisha pale pale. Kesho yake nilimwomba meneja anitoe kwenye lori la watu, nikapakia mapipa peke yake. Pombe niliiacha bila kadi na bila alama. Mwaka na zaidi ulipita, bendera ikabadilishwa, ndipo rubani mwenyewe akanifuata kiwanjani akaniuliza kama bado nakunywa, nami nikamjibu ukweli, akaandika barua. Nairobi nilifeli mara moja, nikafaulu mara ya pili, na kuanzia hapo nilirusha ndege za abiria mpaka nywele zikaisha.

Wahudumu niliofanya nao kazi walinisifu kwa jambo moja. Kabla ya kuwasha injini nilikuwa natoka kwenye kiti changu, napita katikati ya abiria mpaka nyuma, nawatazama usoni mmoja mmoja, hasa wenye watoto. Walidhani ni adabu niliyofundishwa Nairobi.