Mpira wa Kabureta

Mwanzoni mwa miaka ya tisini, dhahabu ilipowapanda watu kichwani hata walimu wakaacha chaki na kushika sululu, Mwikwabe naye alifunga gereji yake ya Nkende akaenda kuchimba Nyakunguru. Usimcheke. Wewe ungebaki? Alikaa huko miaka miwili, akarudi na godoro, redio na masikio mabovu.

Baruti ndiyo iliyomharibu. Ililipuka yeye akiwa bado kwenye ngazi ya shimo, damu ikamtoka masikioni. Damu ilikauka, lakini tangu siku hiyo sauti zilimfikia kwa mbali, kama mtu anayesemea ndani ya debe.

Hakumwambia mtu yeyote, hata mkewe Rhobi. Angesemaje? Jina lake lote mjini lilikuwa sikio. Mafundi wengine walirekebisha kabureta kwa kubahatisha. Mwikwabe alichukua kipande cha mpira wa bomba, ncha moja akaiweka sikioni, nyingine akaipitisha taratibu kuzunguka kabureta na maungio yake. Injini ikivuta hewa kupitia ufa, hutoa mlio mwembamba, na mlio huo yeye aliukamata. Akishaziba ufa, alichukua bisibisi na kugeuza skrubu mbili, ya mafuta na ya sailensi, yaani kasi ya injini gari likiwa limesimama, mpaka injini ingurume polepole bila kutetemeka. Watu walitoka hata Sirari, mpakani, kumletea magari yao ya zamani.

Aliporudi kutoka machimboni aliendelea kuweka mpira sikioni. Maigizo matupu! Kwa kuwa hakusikia kitu, alipandisha sailensi juu mpaka kiganja chake kikahisi injini kupitia boneti. Gari likitetemeka, aliliongezea mafuta likatulia. Ufa ulibaki palepale, ila haukujionyesha, na petroli iliteketea bure. Wateja walinung'unika, lakini nani angembishia Mwikwabe kuhusu kabureta?

Asubuhi moja Teresia, mkunga mtu mzima aliyekuwa akibeba wajawazito kwa Pijo yake kuukuu, aliingia nayo gerejini, gauni lake limejaa vumbi.

"Shikamoo, mama," Mwikwabe alisema.

"Marahaba." Teresia alimsogelea akasema kwa sauti ya juu, maana alikuwa amekasirika. "Mura, kijana wangu, gari hili umelifanya nini? Jana nilijaza mafuta ya kwenda Nyakunguru na kurudi, kama siku zote. Yameniishia njiani, nina mama mwenye uchungu kiti cha nyuma. Amejifungulia kwenye majani, kanga yangu ndiyo shuka."

Mwikwabe alisikia kila neno.

"Mtoto?"

"Yuko hai. Mama yake pia. Lakini damu ilimtoka nyingi, na mimi nimesimama barabarani napunga mkono kama kichaa."

Angeweza kusingizia petroli ya magendo, na Teresia angeamini, maana petroli iliyochanganywa mafuta ya taa ilikuwa kila kona. Maneno yalikuwa tayari mdomoni. Aliona kanga iliyoloa damu juu ya kiti cha nyuma, akayameza.

"Mama, mimi sisikii," alisema. "Baruti iliniua masikio. Gari lako nimelitengeneza kwa kukisia. Nisamehe."

Rhobi, aliyekuwa akikaanga maandazi mlangoni mwa gereji, aliweka chini kijiko chake akaja akasimama mbele ya mumewe, mahali ambapo angeweza kuiona midomo yake.

"Baba Winfrida, mimi nilijua tangu wiki uliyorudi. Winfrida aliungua akapiga yowe nyuma yako, hukugeuka. Nilikuwa nangoja uniambie."

Mwaka mzima alikuwa amemficha mtu aliyekuwa anajua. Aibu ilimshika, aibu ya kweli, nzito kuliko ile ya uziwi. Kisha akafanya jambo ambalo wanaume wa rika lake walilizungumzia kilabuni mwezi mzima: aliwasha Pijo, akamkabidhi mkewe ule mpira.

"Sikiliza kwenye maungio. Ukisikia kitu kinafyonza, inua mkono."

Rhobi alijifuta mafuta ya maandazi, akaweka mpira sikioni. Alipita upande wa kwanza, hakuna kitu. Upande wa pili, chini ya kabureta, mkono ukainuka. Mwikwabe alifungua, akakuta gasketi ya kuziba maungio imepasuka upana wa ukucha. Alikata nyingine, akafunga, akaanza kurudisha skrubu nyuma huku macho yake hayatoki kwenye uso wa mkewe. Rhobi alikunja uso. Robo mzunguko tena. Akakunja kidogo. Robo nyingine, akatabasamu, na Mwikwabe akaacha hapohapo.

"Hata mimi naweza kulala humu sasa," Teresia alisema, na hasira ikiwa bado haijamwisha akaongeza, "ila kanga utanilipa."

Alilipa. Na wateja hawakumkimbia kama alivyoogopa, ingawa maneno yalisemwa. Mpaka leo mgeni akifika na gari la zamani akimuulizia yule fundi mwenye sikio, Mwikwabe hunyoosha bisibisi kuelekea mlangoni.

"Ni yule mama," husema. "Msubiri aepue maandazi."